Uzoefu wangu: hedfoni ya kuvaa kutwa nzima kazini

Kazi yangu ni kunukuu rekodi za mahojiano, mtu anaongea mimi naandika, halafu katikati hapo kuna mikutano ya vidio, kwahiyo hedfoni naivaa saa mbili asubuhi naivua saa kumi na moja jioni ukitoa mda wa kula. Na navaa miwani. Hilo la miwani naliweka mbele kabisa maana ndo limenisumbua kuliko kitu kingine chochote, na watu wanaosifia hedfoni huwa hawaligusi.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, zile zinazokaa juu ya sikio bila kulifunika. Nyepesi sana, niliipenda kwa sababu hiyo. Lakini wepesi wake haukunisaidia kitu, maana pedi, ule mto wa sikioni, inakandamiza sikio kwenye mguu wa miwani, saa ya kwanza husikii maumivu, ya pili sikio linaanza kuwaka, ikifika saa tisa alasiri naivaa upande mmoja tu. Nikajua uzito sio kila kitu, kuna ile nguvu ya kubana.

Ya pili nikaruka upande wa pili kabisa. Kubwa, inafunika sikio lote, karibu gramu 400, na sauti yake kwa kweli ilikuwa nzuri mno, mpaka pumzi ya mtu anayeongea unaisikia. Shida utosi. Utepe wa juu ulikuwa na sponji nyembamba kwahiyo uzito wote unakaa sehemu moja, jioni ukipagusa pale panauma kama umegongwa. Pedi zilikuwa za ngozi bandia, zinazuia kelele vizuri ila joto na jasho vinabaki humohumo, na baada ya mwaka hivi zikaanza kubanduka vipandevipande vyeusi vinabaki shingoni.

Hii ninayotumia sasa ina gramu 250 hivi, inafunika sikio lote, pedi za kitambaa, sponji laini. Nina mwaka na miezi kadhaa nayo. Tofauti kubwa iko kwenye kina cha ile nafasi ya ndani, sikio langu haligusi spika kabisa, zile nyingine ncha ya sikio ilikuwa inagusa ndani, unaona ni jambo dogo ila likigusa saa nane mfululizo sio dogo tena. Na kwa vile sponji ni laini, mguu wa miwani unazama ndani yake badala ya kukandamizwa kwenye fuvu.

Kitu nilichochelewa kukijua: miwani ikiacha upenyo pale pembeni, besi, zile sauti nene za chini, inavuja na kelele za nje zinaingia, unaongeza sauti bila hata kujua. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na saa 40 ndo wiki nzima ya kazi hiyo! Ukipanda mpaka 90 zinabaki saa 4 tu, kwa wiki yote. Kwahiyo pedi inayokaa vizuri inakulinda masikio pia, na hapo ndo naona ile teknolojia ya kuzuia kelele inafaa, feni au mngurumo unapungua na wewe unashusha sauti. Sauti za watu wanaoongea karibu yako haizimalizi, usitegemee hilo. Wengine inawapa hali kama masikio yameziba, mimi pia mwanzoni ilinipata, nikaishusha kiwango ikaisha.

Mwanzoni hii nayo ilinibana kidogo. Nilipanga vitabu vikafika upana wa kichwa changu nikaivalisha usiku mbili, ikalegea vizuri tu. Ila taratibu jamani, utepe wa plastiki ukiulazimisha unakatika.

Ubaya wake upo. Kitambaa kinashika vumbi, na kinavujisha sauti zaidi kidogo kuliko ngozi. Maiki ya kawaida tu, na kwenye mikutano ukitumia maiki yake kwa Bluetooth sauti unayoisikia inakuwa bapa kama ya simu ya zamani, hilo nimelikuta kwenye zote mbili zisizo na waya nilizotumia, dawa yake nenda kwenye mipangilio uchague maiki ya laptopu, sauti inarudi.

Ukienda kununua, ukiijaribu dakika tano zote zitakuwa nzuri. Zangu zile mbili za kwanza maumivu yalikuwa hayaanzi mapema hivyo. Vaa na miwani yako, inamisha kichwa kama unasoma karatasi uone kama inateleza, ongea kidogo maana taya likicheza na pedi inacheza, na ukiweza pata sehemu wanayokubali urudishe baada ya siku kadhaa, hiyo mimi naiweka juu kuliko punguzo la bei. Halafu uliza kama pedi za akiba zinauzwa peke yake. Zangu nilizibadilisha mwezi wa 14 tangu ninunue, zilikuwa zimelala kabisa, nikavuta za zamani nikabana mpya, dakika mbili imeisha na sikio likaacha tena kugusa spika.