Kadi ya kuzamia: PADI, SSI au nyingine?

Wengi wanaotaka kuanza kuzamia kwa mtungi huhangaika sana na nembo ya kadi, yaani shirika la mafunzo linaloitoa, kama PADI au SSI, ilhali shule inayokufundisha ndiyo yenye uzito zaidi. Mashirika mengi makubwa hufundisha kozi ya kwanza kwa kiwango kimoja cha kimataifa, ISO 24801-2: nadharia, mazoezi kwenye maji yaliyotulia, kisha mbizi za baharini. Ukifaulu, unaruhusiwa kushuka na mwenzako mita 18 hadi 20 bila mkufunzi, na kadi haiishi muda. Mpangilio huu ni wa anayejifunzia pwani yetu.

1. PADI. Lilianzishwa Marekani mwaka 1966, na shule zake utazikuta Nungwi, Mafia, Diani na Watamu. Nadharia na bwawa unaweza kumalizia Nairobi au Dar es Salaam, ukapewa fomu ya kukamilishia mbizi zako baharini kwenye shule nyingine. Kwa kijana wa pwani anayetafuta ajira ya kuongoza wageni chini ya maji, ningemwambia aanzie hapa.

2. SSI. Ni la mwaka 1970, na kadi yake inakubalika kote inakokubalika ya PADI. Masomo unayapata kwenye simu. Kinachonivutia ni kwamba mkufunzi wake lazima awe chini ya kituo kilichosajiliwa, ilhali mkufunzi wa PADI anaweza kufundisha kivyake. Jambo likiharibika, yupo wa kuulizwa. Kama shule ya SSI iliyo karibu nawe ina wanafunzi wachache kuliko ya PADI, ichukue bila kusita.

3. NAUI na SDI. Mafunzo mazuri, shule chache huku.

4. CMAS na BSAC. Haya ni ya vilabu. Ukiishi Ufaransa, Ubelgiji au Uingereza, yapandishe juu kabisa: utajifunza taratibu na watu walewale kwa miezi. Kwa likizo ya siku nne Zanzibar hayakufai.

Sasa shule. Uliza kwanza mkufunzi atakuwa na wanafunzi wangapi. PADI inaruhusu hadi 8 baharini. Mimi nataka 4. Zoezi la kutoa maji kwenye miwani linaonyesha sababu. Umepiga magoti mchangani, maji yamejaa mpaka machoni, na unatakiwa ubonyeze fremu kwa juu, uinue uso, utoe pumzi kwa pua. Wengi hushtuka, wakavuta pumzi kwa pua hiyohiyo na kutaka kukimbilia juu. Mkufunzi mwenye wanafunzi wachache anakuwa mbele yako, amekushika fulana ya kuzamia, anasubiri utulie. Mwenye kundi kubwa hana nafasi hiyo.

Uliza pia kama bei inajumuisha vitabu, kadi na ada ya hifadhi ya bahari, maana bei nyingi za chini huacha hayo nje. Omba uonyeshwe oksijeni ya dharura ndani ya boti. Wakikuzungusha, ondoka.

Kozi ifanye wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu, masika huyachafua. Jaza fomu ya afya kwa ukweli, hasa kuhusu pumu na moyo, hata kama itabidi umwone daktari kwanza. Na usikate tiketi ya ndege ya jioni ya siku ya mwisho: baada ya mbizi za siku kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.