Meko ya kuni ya kuotea moto kwenye baraza lisilo na paa: ipi ununue na ipi uiache dukani

Kabla hujaangalia umbo la meko wala nakshi zake, inyanyue. Bakuli la chuma lenye upana wa sentimita 75 na kina cha sentimita 20 lina uzito wa kilo 4 na nusu hivi kwa kila milimita 1 ya unene. Kwa hiyo bakuli la milimita 3, hata bila miguu, halipungui kilo 13. Likiwa limeandikwa "chuma kizito" nawe unalibeba kwa mkono mmoja kama sinia la chai, hilo ni bati la milimita 1. Mizani ya kupimia mwili inatosha kumaliza ubishi na muuzaji.

Unene una sababu yake. Chuma cha kawaida kikifika nyuzi joto 600, kiwango ambacho makaa ya kuni hukifikia bila taabu, hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake. Bati jembamba hupata moto sehemu moja, likatanuka pale pale, na likipoa halirudi lilivyokuwa. Kitako kinabonyea, maji ya mvua yanatuama kwenye kibonyeo, majivu yanalowa na kushikilia unyevu na chumvi zake juu ya chuma, kisha kutu inatoboa. Watu hulaumu mvua, lakini ubovu ulianza kwenye unene.

Jambo la pili ni nafasi. Meko ya sentimita 75, viti vikikaa mita 1 kutoka ukingoni, inahitaji duara la mita 4 na zaidi ukihesabu na viti vyenyewe. Kwa watu wanne hadi sita ukubwa huo unatosha. Sentimita 90 ni kwa watu saba au wanane. Baraza likiwa dogo, nunua ya sentimita 60, ila pima kwanza urefu wa kuni unazopata. Bakuli liuzidi urefu wa kipande cha kuni kwa sentimita 10 hadi 15, la sivyo vijinga vitaning'inia nje na kudondokea sakafuni. Meko yoyote kati ya hizi ikae angalau mita 3 kutoka ukutani, kwenye uzio na matawi, na isiwashwe kamwe chini ya paa, turubai au mwavuli.

Sasa tuzipange, kuanzia tunayoipendekeza zaidi.

1. Bakuli la chuma nene lenye miguu

Hili ndilo chaguo letu kwa watu wengi. Unene uwe milimita 3 kwa uchache. Milimita 4 hadi 6 litadumu miaka mingi hata likiachwa nje. Liwe na tundu la kutolea maji kwenye kitako, lenye upana wa milimita 10 hadi 15, na miguu inayoliinua sentimita 20 au zaidi kutoka sakafuni. Chungulia chini uone miguu ilivyochomelewa. Uchomeleaji mzuri unazunguka mguu mzima. Ukiona nukta tatu nne tu, joto likipanda na kushuka mara kadhaa zitaachia, na meko itainama ikiwa na moto ndani.

Bakuli wazi hutoa joto kwa pande zote, hivyo miguu ya waliokaa inapata joto na si nyuso tu. Kasoro yake ni moshi wakati wa kuwasha na kila unapoongeza kuni. Wavu wa chini unaoinua kuni sentimita 5 hadi 8 hupunguza tatizo hilo sana, kwa kuwa hewa inapita chini ya kuni badala ya kuzibwa na majivu. Kama meko inauzwa bila wavu huo, ununue kando siku hiyo hiyo.

Rangi nyeusi ya ndani itabanduka hata kama ni ya kuhimili joto. Hilo si kosa la kiwandani. Paka mafuta ya kupikia kidogo sana kwenye chuma kikiwa vuguvugu, kama unavyofanya kwa kikaango cha chuma, nacho kitajitengenezea ngozi nyeusi.

Lipo pia bakuli la chuma cha Corten, kile kinachoota kutu ya rangi ya udongo kisha kutu hiyo ikawa kinga. Ni zuri na linadumu, lakini miezi ya mwanzo kila mvua inalisafisha na kumwaga maji ya kahawia sakafuni, na madoa yale kwenye zege au mawe mepesi hayatoki kirahisi. Liweke juu ya kokoto mpaka litulie. Karibu na bahari tafuta kingine, kwa kuwa chumvi ya hewani haiiachi kutu hiyo ikatulia.

2. Meko ya kuta mbili, ile ya moshi kidogo

Utaitambua kwa safu mbili za matundu: moja chini kwa nje, nyingine ndani karibu na ukingo wa juu. Hewa inaingia chini, inapanda katikati ya kuta mbili huku ikipata moto, kisha inatokea kwenye matundu ya juu na kukutana na moshi kabla haujatoka. Moshi ni gesi na chembe ambazo hazijaungua. Zikipata hewa ya moto, zinaungua. Subiri dakika 10 hadi 15 baada ya kuwasha, utaona ndimi ndogo za moto zikichomoza kwenye matundu yale kama jiko la gesi. Hapo moshi karibu unatoweka.

Tumeiweka ya pili kwa sababu mbili. Joto lake kubwa linakwenda juu, mikono inapata moto huku magoti yakibaki baridi. Tena haina subira na kuni mbichi: ukizitia, au ukirundika kuni kupita safu ya matundu ya juu, itafuka kama nyingine yoyote. Kwa nyumba zilizobanana, ambako moshi wako unaingia dirishani kwa jirani, ipandishe iwe ya kwanza bila kusita.

Nenda dukani na sumaku. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 hakivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana. Cha daraja la 430 huvutwa kwa nguvu na hakistahimili unyevu vizuri kama 304. Vyote viwili vitageuka rangi ya dhahabu na buluu baada ya moto wa kwanza, na hilo halina dawa wala madhara.

3. Meko ya kujengwa

Kama baraza ni lako na huhami, hii inaweza kuzishinda zote kwa umri. Upana wa ndani uwe karibu sentimita 90, kimo cha ukuta sentimita 30 hadi 45. Ndani tumia matofali ya kujengea tanuri na udongo wa kuhimili moto. Matofali ya kawaida yabaki nje. Acha nafasi mbili tatu za hewa kwenye mstari wa chini, na kitako kiwe kokoto ili maji yazame. Usitumie mawe ya mtoni. Maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe linapasuka kwa kishindo likirusha vipande kwenye nyuso za watu.

4. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu

Kinashika joto muda mrefu baada ya moto kufa, na hakipindi. Lakini hupasuka. Kikiangushwa, au kikimwagiwa maji baridi kikiwa cha moto, mwanya unaonekana palepale, na kukichomelea ni kazi ya fundi mahiri. Kinafaa kwa anayekiweka mahali pamoja na kukiacha.

5. Meko ya udongo yenye bomba

Inavutia, na inaelekeza moshi juu. Inahitaji mchanga wa sentimita 8 hadi 10 ndani, mioto midogo mitano sita ya kuizoesha, na kufunikwa isilowe. Ukiwasha moto mkubwa siku ya kwanza, imekwenda.

6. Bati jembamba, mapipa na vya kujibunia

Bati la milimita 1 tungeliacha. Dramu ya chuma ya mashine ya kufulia inafanya kazi nzuri ajabu kwa sababu ya matundu yake, mradi uondoe sehemu zote za plastiki na mpira na uiweke juu ya miguu. Usiwashe moto ndani ya chombo kilichopakwa zinki: kikipata moto mkali hutoa mvuke unaoumiza mapafu. Na usikate pipa lililokuwa na mafuta au kemikali; mabaki yake yanaweza kulipuka kwa cheche ya kwanza.

Chini ya meko

Zege likipata joto la ghafla, unyevu wake hugeuka mvuke na ngozi ya juu inabanduka vipande. Vigae vinapasuka. Sakafu ya mbao inaungua, na ile ya mchanganyiko wa mbao na plastiki inalainika kabla hata hujaona moshi. Kwa zege na vigae, tandaza mchanga wa sentimita 3 hadi 5, juu yake panga vitofali, kisha weka meko. Juu ya sakafu ya mbao tusingewasha moto wa kuni kabisa, hata muuzaji akikupa mkeka wa kuzuia joto, kwa kuwa mkeka hauzuii cheche iliyoruka mita 2.

Bajeti ibakize nafasi ya vitu vinne: wavu wa juu wa kuzuia cheche, koleo refu, kifuniko cha mvua, na ndoo ya bati yenye mfuniko. Kipima unyevu ni cha tano kama kuni zako ni za kununua. Pasua kipande, pima upande wa ndani uliofunguka sasa hivi. Kisizidi asilimia 20. Usipokuwa nacho, gonganisha vipande viwili: vikavu vinalia kwa mlio mkali, vibichi vinatoa sauti nzito iliyozibwa.

Ndoo ile ni ya majivu. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kubaki hai zaidi ya siku nzima, na ukiyagusa kwa juu utadhani yamepoa. Yamwagie maji ndani ya ndoo, si ndani ya meko iliyo moto, koroga, funika, na iache ndoo nje mbali na nyumba kwa siku mbili kabla ya kumwaga.