Sanduku la mbao la kufungia marobota: tathmini baada ya misimu miwili ya mavuno

Mtu akikiona kifaa hiki kwa mara ya kwanza huuliza mashine yenyewe iko wapi. Ni kuta nne za mbao zilizogongwa misumari, juu na chini pakiachwa wazi, urefu sentimita 85, upana 55 na kina 45, na hakuna injini, gia wala mahali pa kutia grisi. Vipimo hivyo hupendekezwa mara nyingi kwa wafugaji wadogo, kwa kuwa nyasi zilizokauka vizuri na kukandamizwa sawasawa hutoa robota la kilo 20 hivi, ambalo mtu mmoja hulibeba begani bila kuomba msaada. Nimelitumia kwa misimu miwili kufunga mabaki ya ngano, maharage na mahindi, na ninalisifu, mradi mnunuzi ajue kwamba jua huwa limekwisha kuamua sehemu kubwa ya matokeo kabla sanduku halijafika shambani.

Unatandaza kamba mbili ndani yake, ncha zikining'inia nje pande zote mbili, unajaza majani kidogo kidogo, unaingia na kuyakanyaga, unaongeza na kukanyaga tena mpaka yafurike, ndipo unafunga kamba ukiwa umeyabana kwa goti, na kulinyanyua sanduku ili robota libaki chini. Wengi husahau pembe nne. Robota lenye pembe legevu huonekana zuri likiwa ndani ya sanduku, lakini likishahamishwa mara mbili hugeuka duara, kamba huteleza na mzigo wote humwagika njiani. Siku ya kwanza, mimi na mwenzangu tulifunga marobota 11 na matatu kati ya hayo yalifumuka kabla ya kufika ghalani.

Kwa mabua ya ngano, sanduku hili halina mpinzani kati ya vifaa vya mkono, kwani hulala vizuri, hubanwa bila kubisha na robota hutoka likiwa na umbo la tofali. Majani ya maharage yanataka subira zaidi, kwa sababu yakikauka mno hupukutika, na kinachofungwa huwa vijiti vitupu ilhali lishe imebaki ardhini. Mimi huyakusanya asubuhi yakiwa yamelegea kidogo, kisha huyaacha chini ya paa yamalizie kukauka kabla ya kuyafunga.

Mahindi ndiyo yaliyonishinda msimu wa kwanza. Bua zima halikubali kukunjwa, lina nguvu za kurudi lilipokuwa, na ukilazimisha unapata robota jepesi lililojaa hewa. Isitoshe, majani ya juu hukauka mapema na kumdanganya mtu, huku moyo wa bua ukiwa bado na maji. Siku hizi huvunja bua karibu na fundo la chini, nikabonyeza moyo wake kwa ukucha, na ukitoa unyevu siligusi shamba hilo hata kama juu yote ni makavu. Unyevu ukizidi asilimia 20 hivi, robota huanza kupata joto ndani na ukungu hufuata, na rundo kubwa lenye unyevu mwingi laweza hata kuwaka moto lenyewe. Msimu wa pili niliyakatakata mabua kwanza kwa panga, vipande vya urefu wa kiganja, na robota likawa zito na tulivu. Kazi iliongezeka, sikatai, lakini ng'ombe nao waliacha kubagua na kutupa vigongo chini ya hori.

Lawama yangu kubwa ni ya uundaji. Fundi aliyenitengenezea hakupiga randa upande wa ndani, na ncha mbili za misumari zilichungulia humo, kwa hiyo robota la kwanza lilikwama kama kizibo na tukalitoa kwa mateke. Anayeagiza sanduku adai mbao laini kwa ndani, na uwazi wa chini uwe mpana kuliko wa juu kwa sentimita moja au mbili, ili sanduku livuliwe bila mieleka.

Mashine ya kuvutwa na trekta hufanya kazi ya siku nzima ya sanduku kwa muda mfupi sana, na hujifungia mafundo yenyewe. Mwenye mashamba mapana asijisumbue na mbao. Hata hivyo, trekta haligeuki katika vipande vidogo wala halipendi mteremko mkali, na vidole vya mashine vikishushwa mno huzoa udongo na mawe pamoja na malisho. Ucheleweshaji wa sanduku una faida moja ambayo sikuitarajia: mtu huchoka kabla hajalimaliza shamba, na masalio yanayofunika walau asilimia 30 ya ardhi huikinga dhidi ya mmomonyoko.

Asitarajie mtu kwamba robota la ngano au mahindi litamkamua ng'ombe maziwa. Protini ya mabaki hayo kwa kawaida haizidi asilimia 5, ilhali vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huhitaji kama asilimia 7 ili vifanye kazi ipasavyo, na ndiyo maana mimi huyachanganya na yale ya maharage. Marobota ya ngano yaliyofifia rangi lakini hayana ukungu huyatandika bandani, ambako hunyonya mkojo vizuri na baadaye kuwa samadi. Yenye ukungu siyatumii hata kwa kutandika, maana vumbi lake hudhuru mapafu ya mnyama na ya anayelitandaza.

Kuhusu kamba, chagua ya katani, ijapokuwa panya huipenda. Ya nailoni hudumu, lakini kipande kikimezwa hakiyeyuki tumboni. Mimi bado ninayo ya nailoni iliyobaki, kwa hiyo kila nikifungua robota hutundika kamba zake mbili kwenye msumari ulio mlangoni mwa banda, na nikiona imening'inia moja, simwagi malisho horini mpaka ya pili ipatikane.