Porsche 356C ya Janis Joplin: umiliki usio na pengo, rangi isiyo ya awali
Anayetathmini gari la kale lililowahi kuwa la mtu maarufu huanza na historia ya umiliki kabla ya kugusa injini, na kwa kigezo hicho gari hili linastahili alama za juu. Joplin, mwimbaji wa rock wa Marekani, alilinunua mwaka 1968 likiwa limekwisha kutumika, akamkabidhi Dave Richards, msaidizi wa bendi yake, alijaze michoro. Alipofariki mwaka 1970 lilibaki kwa meneja wake, Albert Grossman, kisha likarudi kwa ndugu za Joplin, ambao baadaye walilikopesha jumba la makumbusho la Rock and Roll Hall of Fame, Cleveland, hadi lilipopigwa mnada New York mwaka 2015 kwa dola milioni 1.76.

Dosari ni moja, tena si ndogo: rangi ya awali ilichakaa, na michoro inayoonekana leo ilichorwa upya miaka ya 1990. Hata hivyo, nisingelishushia thamani kwa sababu hiyo, kwa kuwa familia yenyewe ndiyo iliyoagiza kazi hiyo na haikuificha; muuzaji anayenyamazia jambo kama hilo ndiye wa kuogopwa.