Diktamo au malotira, wewe ungechukua ipi?

Zote mbili ni dawa za mitishamba za milimani kule kisiwa cha Krete, Ugiriki, na watu huzinywa kama chai, ila tusizichanganye jamani. Diktamo ni ndugu wa oregano (yale majani ya kiungo), kwa asili inaota Krete tu, tena kwenye nyufa za majabali, majani yake mviringo yana manyoya meupe laini kama sufi, na zamani wachumaji walikuwa wananing'inia kwenye magenge kuitafuta, siku hizi inalimwa. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika eti mbuzi mwitu akipigwa mshale anaila mshale unatoka wenyewe, hahaha, haya bwana. Ila kwa ngozi iliyovimba kidogo au kuvilia damu wanaipaka mpaka leo, na hapo ndipo inaipiku mwenzake.

Malotira yenyewe ina maua ya njano, inapenda juu kabisa kama Milima Myeupe ya huko huko Krete, inachemshwa na vijiti vyake vyote. Mafua, kikohozi, tumbo kusumbua kidogo, hiyo ndo kazi yake (diktamo pia inasaidia hapo). Mi nachukua malotira, ladha yake ni laini, unakunywa hata kama huumwi. Mjamzito asiguse diktamo bila kumuuliza daktari.