Sedumu za Kitalu cha Kando ya Barabara, Arusha: Mche Mzuri, Udongo Mbaya

Ukinunua sedumu, mimea midogo ya mapambo yenye majani manene, kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Arusha kuelekea Usa River, chukua mche na uuache udongo wake hapo hapo. Huo ndio uamuzi wangu baada ya kuishi na miche ya kitalu kimojawapo kwa kiangazi kimoja na masika moja. Sitakitaja jina, kwa kuwa mwenyewe ni mtu muungwana na kasoro ninayoieleza nimeiona pia kwa majirani zake.

Agosti mwaka jana nilikuwa na mteremko wa mawe nyuma ya nyumba, Njiro, mahali ambapo ukoka haukuwahi kushika na maji ya bomba huja kwa zamu. Nilinunua viriba 12 kwa shilingi 2,000 kila kimoja, vya aina tatu: ile inayotambaa yenye maua ya manjano, ile yenye majani manene mfano wa punje za maharage ambayo huwa mekundu yakipigwa na jua kali, na ile inayoning'iniza mashina marefu kama misuko. Hizo mbili za mwisho asili yake ni Meksiko. Kwa afya ya miche sina lawama; ilikuwa imeshiba, na sikukuta vidukari wala vidung'ata kwenye makwapa ya majani.

Ufungaji ulikuwa wa hovyo. Ile ya misuko hupukutisha majani hata ikiguswa kwa ukucha, lakini ilishindiliwa kwenye boksi la sabuni pamoja na zile nyingine na kukabidhiwa bodaboda, na ilipofika Njiro nusu ya mashina yalikuwa uchi. Niliyaokota majani yale nikayatandaza kivulini juu ya mchanga mkavu. Baada ya wiki chache karibu kila jani lilikuwa limetoa nyuzi za mizizi kwenye kitako chake, na kando yake chipukizi lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, kwa hiyo hasara ile iligeuka kuwa miche ya bure.

Kasoro kubwa ni udongo. Kitalu hutumia mchanganyiko mmoja kwa kila kitu, kuanzia sukuma wiki hadi waridi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi wenye samadi tele. Nilipouliza, muuzaji alinijibu kwa heshima, "Mama, bila samadi ua haliendi." Kwa waridi ni kweli. Sedumu, hata hivyo, huweka akiba ya maji kwenye majani, na vitundu vya majani yake hufunguka usiku kuvuta hewa ukaa kisha hujifunga mchana ili maji yasipotee; mmea wenye ubahili wa namna hiyo ukikalishwa kwenye udongo unaotuamisha maji, mizizi hukosa hewa na shina huoza kuanzia shingoni.

Viriba vinne nilivipanda na udongo wake, kwa uvivu tu. Vinane niliviosha mizizi, nikaiacha ikauke siku tatu, kisha nikapanda kwenye sehemu mbili za mchanga wa mtoni uliochanganywa na kokoto ndogo kwa sehemu moja ya udongo, katikati ya yale mawe meusi ya volkano yenye matundu ambayo sisi wa chini ya Meru hatuna haja ya kuyanunua. Kiangazi kizima hapakuwa na tofauti, nami nilimwagilia mara moja kila wiki mbili. Masika ilipokolea, ile minne ililainika kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Kati ya minane nilipoteza mmoja, nao ulifukiwa na kokoto zilizoporomoka. Dada yangu aliye Moshi, ambako ni chini na joto ni kali zaidi, alichukua vipande vyangu na amelazimika kuvipa kivuli cha alasiri.

Nilitarajia pia kukuta Sedum meyeri-johannis, sedumu ya Kilimanjaro inayoota juu ya miti na miamba, iliyopewa jina la Hans Meyer aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Haipo, na muuzaji hakuwa ameisikia.

Niliporudi Juni kumsimulia yaliyonipata, hakubisha. Alisema mteja anayetaka miche iliyopandwa kwenye changarawe aagize wiki mbili kabla, kwa bei ile ile, na aje na boksi lake mwenyewe.