Darsa za Jumamosi Ngamiani: Masunni, Mashia na Siasa za Mashariki ya Kati

Kwa Jumamosi sita mfululizo, baada ya sala ya Alasiri, nimekaa katika chumba cha nyuma cha duka moja la vitabu hapa Ngamiani, Tanga, nikimsikiliza mwalimu mstaafu wa historia akieleza namna mgawanyiko wa Masunni na Mashia ulivyotokea na namna watawala wanavyoutumia. Ada ni shilingi 20,000 kwa darsa zote, pamoja na kijitabu chenye ramani, kahawa na kashata. Naandika kwa sababu darsa hizi zitarudiwa, na kwa sababu katika mji huu, ambamo Mashafii, ambao ni Masunni, wamepakana milango na Makhoja Ithnaasheri na Mabohora, ambao ni Mashia, tangu enzi za babu zetu, maneno ya chuki yanayosambazwa kwenye simu zetu yananiumiza sana.

Mwalimu hakuanzia Karbala kama nilivyotarajia. Alianzia hapa hapa pwani: masultani wa Kibusaidi waliotawala mwambao huu kutoka Zanzibar walikuwa Maibadhi, si Masunni wala si Mashia, ilhali raia wao wengi walikuwa Masunni wa madhehebu ya Shafii. Kutoka hapo alitupeleka Siffin mwaka 657, kwenye vita baina ya Ali, mkwe wa Mtume na khalifa wa nne, na Muawiya, gavana wa Sham, kisha akarudi nyuma hadi mwaka 632, Mtume (S.A.W.) alipofariki na Waislamu wakahitilafiana juu ya nani ashike uongozi baada yake; Mashia ndio wanaoshikilia kwamba ulikuwa haki ya Ali. Darsa ya Karbala, yaani mauaji ya Hussein, mwana wa Ali na mjukuu wa Mtume, na wafuasi wake mwaka 680, aliitoa kwa sauti ya chini na kwa heshima kubwa, na chumba kizima kikanyamaza, ingawa wengi wetu tulikuwa Masunni.

Hata hivyo, thamani halisi ya darsa hizi imo katika sehemu ya siasa. Alionyesha kwamba Iran ilifanywa dola ya Kishia na Shah Ismail kuanzia mwaka 1501, na kwamba vita vya Chaldiran vya mwaka 1514, alipopigwa na Sultan Selim wa dola ya Kiothmani ya Waturuki, aliyekuwa Msunni, vilikuwa ugomvi wa ardhi na mamlaka uliovikwa joho la dini. Alipofika kwenye vita vya Iran na Iraq vya 1980 hadi 1988, alituuliza kwa nini maelfu ya askari wa Kishia wa Iraq walipigana na Mashia wenzao wa Iran, na hakuna aliyejibu haraka. Mfano wa Yemen ulinifungua macho zaidi: baada ya mapinduzi ya 1962, Saudi Arabia ilimsaidia Imamu wa Kizaidi, ambaye ni Shia, dhidi ya wanajamhuri walioungwa mkono na jeshi la Misri, kisha mwaka 2015 Saudi Arabia hiyo hiyo ikaanza kuwashambulia kwa ndege Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen ambalo nalo linatokana na Wazaidi. Kama madhehebu pekee ndiyo yangekuwa chanzo, mambo hayo yasingewezekana. Wala mwalimu hakudai kwamba imani haina uzito. Alisema wazi kwamba mtu hufa kwa ajili ya imani yake, na hiyo ndiyo sababu watawala huichezea.

Kasoro zipo. Lebanon ilipewa robo saa tu, na Syria ikapitiwa mbio mbio, jambo lisilostahili kwa nchi iliyomwaga damu kiasi kile. Wanawake tulikaa nyuma ya pazia, ambako ramani ya ukutani haikuonekana, na pazia lilisogezwa wiki ya nne baada ya kulalamika mara mbili. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba hakualikwa mwanachuoni wa Kishia kueleza mwenyewe maana ya uimamu, yaani imani ya Mashia juu ya uongozi wa Ali na kizazi chake, na hali wapo mjini, umbali wa dakika chache kwa bajaji.

Darsa ya mwisho ilihusu mapatano ya Saudi Arabia na Iran yaliyotangazwa Beijing tarehe 10 Machi 2023, baada ya miaka 7 ya kukatiana uhusiano, na jinsi Iraq na Oman zilivyowakutanisha kwanza. Nimeshamlipia mdogo wangu wa kiume duru ijayo, kwa kuwa zile sauti za matusi dhidi ya Mashia nilizipata kwanza kutoka kwenye simu yake.